Supu Iliyomkimbiza Baba Mkwe

Don Fulgencio Baena alikuwa ameshashuka ngazi za hoteli, kofia kichwani, na mimi nyuma yake na sanduku lake, kabla mtu yeyote ndani hajaamini kwamba anaondoka kweli. Hakukimbia. Alikwenda kwa hatua fupifupi, mikono yote miwili imelishika tumbo kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa maji hadi mdomoni, macho mbele. Nikamuuliza tunaelekea wapi. Akanyoosha kidole upande wa stesheni. Nikamuuliza kama amekasirika. Akafumba macho, akatikisa kichwa, na mimi sikujua ametikisa kwa maana ya hapana au kwa maana ya usinisemeshe.

Nyuma yetu mlango mkubwa ukagonga ukuta, na sauti ya Maximina, mpishi mkuu, ikatoka nje kabla yake mwenyewe.

"Anaondoka! Jamani, anaondoka! Na supu bado!"

Kama mzee yule angepanda treni, Celso wa Maximina asingeoa. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu hotelini, kuanzia mkurugenzi hadi paka wa jikoni. Kwa hiyo nilitembea polepole kadiri bawabu anavyoweza kutembea bila kusimama, na wakati natembea hivyo, acha nieleze tulifikaje barabarani.

Hoteli ilikuwa ya Santa Tecla, hapo Astorga, mji mdogo wa kaskazini, zamani nyumba ya watawa wa kike. Vyumba ambamo watawa walichubua magoti kwa sala sasa vilikuwa na mabafu ya marumaru, na kwenye ushoroba yalisimama mavazi ya chuma ya askari wa kale ambayo mimi ndiye niliyekuwa nayapangusa vumbi. Wafalme walilala pale, au ndivyo wageni walivyoambiwa. Nimefanya kazi melini, nimechuma machungwa, nimefungua milango ya mahoteli ya nchi kadhaa, na sijaona mahali pengine ambapo mabibi wa lulu shingoni hukaa chini ya dari la dhahabu wakala pua ya nguruwe na kuomba waongezewe.

Hiyo ilikuwa kazi ya Maximina. Mwanamke mfupi, mpana, mikono kama makasia, mzaliwa wa kijiji cha chini ya mlima Teleno, ambako wanaume wote enzi za mababu walikuwa wachukuzi wa mizigo kwa nyumbu. Kosido yake, ule mchemsho wa nyama na dengu na kabichi na supu, ndiyo iliyowatoa watu Madrid. Mkurugenzi alijaribu wakati fulani kuingiza samaki wa Kifaransa mwenye mchuzi wa maziwa. Maximina alimtazama tu. Samaki yule hakuonekana tena.

Celso alikuwa mwanawe wa pekee, mhudumu wa mvinyo, mtu mzima anayekaribia arobaini, mrefu kama mlingoti na mwenye haya kuliko bibi harusi. Kila mama yake alipomletea mchumba alikwenda kujificha stoo ya chini akihesabu chupa. Kisha kutoka Lucena, kusini kabisa, akaja Araceli kufanya kazi ya simu pale mapokezi. Mwanamke wa maneno mengi, na kicheko chake kilipanda ngazi kikateremka upande wa pili. Celso akatoka stoo mwenyewe, bila kuitwa. Kufikia majira ya baridi walikuwa wameshakubaliana yote, isipokuwa moja.

"Bila neno la baba siolewi," Araceli alimwambia. "Kanilea peke yake, Celso. Akisema ndiyo nitavaa shela kesho. Akisema hapana nitalia mwaka mzima, lakini nitarudi kwetu."

Na baba akasema kwenye simu, mbele ya masikio ya mapokezi mazima, maana hakuna aliyeondoka: "Nitakuja nile kwao. Watu huwajui mpaka umekaa mezani kwao. Nikishakula, nitasema."

Maximina hakulala wiki hiyo. Alimlowekea dengu kama anayeloweka lulu.

"Watu wa kusini!" alilalamika jikoni. "Wanakula zeituni mbili, wanafuta midomo, wanasema wameshiba. Asipokula chakula changu, nitajua ametudharau."

"Mama," Celso akasema, "tafadhali usimlazimishe mzee wa watu."

"Mimi? Lini mimi nimemlazimisha mtu?"

Jikoni nzima ikashikwa na kikohozi.

Maana mle mezani kwa Maximina ndipo mtajua. Kwake sahani tupu ilikuwa swali, na jibu lake lilikuwa upawa. Ukimaliza, anakuongezea. Ukishukuru, anakuongezea. Njia ilikuwa moja tu, kubakiza kitu sahanini, hata mfupa wenye nyama kidogo, na hapo alikuacha kwa heshima zote. Sisi wenyeji wa hoteli tulilijua hilo kama tunavyojua mlango wa choo. Na ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Mkurugenzi, ambaye kwa kweli alikuwa anaiogopa siku ambayo Celso angehama, alitoa ukumbi mkubwa wa chakula. Ni ule ule ambamo watawa walikuwa wakila, wenye mimbari ya jiwe juu ukutani, ambapo zamani mtawa mmoja aliwasomea wenzake maneno matakatifu wakila kimya. Ngazi ya mimbari imo ndani ya ukuta. Siku hiyo saa nane mchana mimi na Tirso, fundi wa boila, tulikuwa tumechuchumaa humo juu, vichwa vimechomoza kama njiwa.

Don Fulgencio aliingia. Alikuwa kitu kidogo! Mzee mkavu, shingo nyembamba inayozunguka ndani ya kola, masharubu kama brashi ya viatu. Alikuwa na kinu kidogo cha mafuta ya zeituni huko kwao, na ilionekana kama yeye mwenyewe amepitishwa kinuni mara moja mbili.

"Huyo?" Tirso akaninong'oneza. "Maximina atamuua."

"Nyamaza."

"Lino, nakwambia, huyo ukimpa dengu moja utaiona inavyoteremka kooni."

Meza ilikuwa na watu watatu: mzee, binti yake na Celso aliyekuwa mweupe kuliko kitambaa cha meza. Maximina alikataa kukaa. Alihudumu kwa mikono yake, na akaja na sinia la kwanza, sinia la nyama. Pua, sikio, kwato, soseji nyekundu, bega, kuku, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, na yale matonge ya mkate na mayai yaliyokaangwa.

Don Fulgencio alilitazama sinia. Kisha akautazama mlango wa jikoni, kama anayengoja kitu kingine kitangulie. Hakikuja kitu. Akainua uma.

"Karibu, Don Fulgencio. Ni chakula cha nyumbani tu hiki."

"Mama," akasema yule mzee, akainamisha kichwa, "kwa chakula hiki hata askofu angevua kofia."

Akala. Jamani, alikula! Alikula taratibu, bila fujo, mgongo umenyooka, na alipomaliza akachukua kipande cha mkate akaifuta sahani ikang'aa kama imetoka kabatini. Uso wa Maximina ukafunguka. Akamwekea tena.

"Anakwenda kwenye sikio," Tirso akasema.

"Naona."

"Kalimaliza. Sasa anashika kwato. Lino, anaweka wapi? Labda mguu mmoja ni wa bandia, una nafasi ndani."

Sahani ikang'aa tena. Ikajazwa tena. Araceli alikuwa akiruka kitini kwa furaha. "Baba, hebu jione! Nyumbani anakula kama ndege, Celso, naapa, kama ndege!" Na Celso, ambaye sikuwahi kumwona na meno, alionyesha meno. Mara ya tatu mzee alipoifuta sahani, Maximina alikimbilia jikoni akisema peke yake, "Anatupenda! Huyu anatupenda!" na wapishi wakashangilia hadi tukawasikia.

Zikaja dengu na kabichi. Don Fulgencio akafungua kifungo kimoja cha kizibao. Akala dengu. Akafuta. Zikaongezwa. Akafungua kifungo cha pili. Matone ya jasho yalianza kujipanga juu ya masharubu yake, na alikuwa ameacha kuzungumza. Aliitikia kwa nyusi tu.

"Hapo anapumua kwa masikio," Tirso akasema.

Zikaongezwa tena. Safari hii alizila moja moja, kama anayehesabu tasbihi. Lakini alizila. Akashika kipande cha mkate kwa kidole na gumba, akaifuta ile sahani ya mwisho polepole sana, akakiweka kipande kile mdomoni, akakitafuna kwa muda mrefu, akakimeza. Kisha akaegemea kiti na kwenye uso wake nikaona amani ya mtu aliyefika nchi kavu. Alikohoa. Alimtazama binti yake, kisha Celso. Alikuwa anajiandaa kusema lile neno, naapa, mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Mlango wa jikoni ukapigwa teke, akaingia Maximina na bakuli kubwa la supu, lile la kauri lenye jogoo kwenye mfuniko. Akaliweka mezani. Akafunua. Mvuke ukapanda hadi kwetu mimbarini.

"Na sasa," akasema, anang'aa kama sufuria jipya, "supu!"

Rangi ilimtoka mzee kuanzia kiparani ikateremka.

"Supu?"

"Supu!"

"Sasa?"

"Sasa hivi, ingali moto!"

Don Fulgencio akasimama. Alijifuta midomo. Alimtazama Araceli kwa macho ambayo sitayasahau, macho ya mtu anayeagana na watoto wake bandarini.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "Mungu aibariki mikono yako. Naomba ruhusa."

Akatoka. Mimi nikateremka ile ngazi ya ukutani kwa makalio, maana mgeni akitoka bawabu lazima awepo, nikamkuta mapokezi anaonyesha sanduku lake kwa kidole. Basi, ndiyo hivyo tulifika barabarani.

Ilikuwa Jumanne, siku ya soko. Theluji ilikuwa imelundikwa kandokando na uwanja mzima wa manispaa ulijaa vibanda vya jibini, kabichi na viatu. Niliangusha sanduku mara ya kwanza penye wauza vitunguu. Don Fulgencio akasimama, akalitazama, akajaribu kuinama kuniokotea, akagundua kwamba kuinama kumeshaondoka maishani mwake kwa siku hiyo, akasimama wima tena. Nikaliokota mwenyewe, kwa aibu.

"Lino!" Sauti ya Maximina ilikuja juu ya vichwa vya watu. "Usimwache apande! Vunja mguu!"

"Wa nani?" nikapaza.

"Wowote!"

Nikageuka kutazama. Mungu wangu! Maximina alikuwa anakuja katikati ya soko na lile bakuli kifuani, jogoo mbele kama nahodha, aproni inapepea. Nyuma yake Celso na upawa na sahani, ingawa sidhani alijua ameshika nini. Nyuma yake Araceli, amevaa kiatu kimoja. Nyuma yao Tirso na masizi yake, na wapishi, na wahudumu wa glavu nyeupe, na nyuma kabisa mkurugenzi akisema "Jamani, wageni, jamani, wageni," maana hotelini hakubaki mtu isipokuwa mavazi ya chuma.

"Maximina!" mwuza jibini mmoja akaita. "Supu hiyo inakwenda wapi?"

"Stesheni!"

"Kwani inasafiri?"

"Ikatie tiketi ya daraja la kwanza," mwingine akasema, "huoni imevaa kofia?"

"Kuna nini? Kuna msiba?"

"Bado, lakini yule mzee wa mbele rangi yake si nzuri."

Basi watu wa Astorga wana sifa moja, wakiona msafara hawaulizi mara mbili. Wakafunika vibanda kwa maturubai wakajiunga. Juu ya jengo la manispaa wanasesere wawili wa mbao wanaogonga saa waliinua nyundo zao wakagonga kengele, na ikawa kama na wenyewe wanatusindikiza. Mzee alitembea mbele yangu, hatua fupi, hatua fupi, na nilianza kumwonea huruma.

"Don Fulgencio," nikasema, "Celso ni mtu mwema. Mimi nimekula mezani kwa watu wengi. Kama ni mama yake aliyekukosea, mseme mama, mwache kijana."

"Kukosea?" akasema kwa pumzi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ngazini. "Nani amenikosea? Ni mimi. Ni mimi niliyeshindwa." Akashika tumbo. "Usinisemeshe, ndugu yangu. Nikifungua mdomo sana nitapasuka."

Hapo nikakoma kuangusha sanduku, maana nilikuwa sielewi tena niko upande gani.

Stesheni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Treni ya kwenda Madrid ilikuwa bado, theluji imeishika juu kwenye mlima wa Manzanal, mkuu wa stesheni mwenye kofia nyekundu akatuambia. Don Fulgencio akakaa kwenye benchi, miguu imetanuka, kofia magotini. Na tumbo lake, nasema kwa heshima, lilikaa pembeni yake kama abiria mwenziwe.

Maximina akafika. Alikuwa hana pumzi. Alisimama mbele yake na bakuli mikononi, na yale macho yaliyowatisha wakurugenzi yalikuwa yamejaa maji.

"Don Fulgencio," akasema. "Mimi ni mwanamke wa jikoni, sijui kuzungusha maneno. Mwanangu hajawahi kuomba kitu. Tangu mtoto, hajaomba hata baiskeli. Kaomba hiki kimoja. Kama nimekuudhi, nipige mimi hilo sanduku kichwani. Lakini niambie kosa, nilijue."

Watu wote wa soko walikuwa wamejaa kwenye jukwaa la stesheni.

"Mama," mzee akasema, "kosa hakuna. Sijala chakula kama kile tangu nizaliwe. Nilikula kwa furaha, halafu nikala kwa adabu, halafu nikala kwa ajili ya mwanangu. Ningekula na meza. Lakini kuanza chakula cha pili, hapana. Nimejipima, siwezi. Nikaona kuliko nimwaibishe binti yangu kwa kuacha sahani imejaa mbele ya mama mkwe wake, bora niondoke mzima mzima."

Maximina akawatazama watu kulia na kushoto. "Chakula cha pili kipi?"

"Hicho." Akalionyesha bakuli. "Ulivyoleta nyama kwanza, nikasema, labda supu imemwagika, watu wa heshima, nisiulize. Zikaja dengu. Nikasema vizuri, tumemaliza. Ndipo ikaja supu! Mama, supu ndiyo kichwa cha chakula. Ikija supu, nyuma yake dengu. Zikija dengu, nyuma yake nyama. Nikajua tunaanza upya, na sikio lile, na kwato zile..."

Hakuweza kumaliza. Lakini hata angemaliza tusingemsikia. Kitu kilipasuka pale jukwaani. Kilianzia kwa Tirso, kikaenda kwa wauza vitunguu, kikamfika mkuu wa stesheni aliyelazimika kushika nguzo. Mkurugenzi alicheka akilia, glavu mdomoni. Araceli alijipiga paji la uso kwa mikono miwili.

"Sikumwambia! Baba, nisamehe, sikukwambia! Huku wanakula kinyumenyume! Nyama, dengu, supu! Mwaka mzima nakula hivyo, nikasahau kama wenzetu wengine wote wanaanza na supu!"

"Kinyume?" mzee akasema. "Kwa nini?"

"Kwa nini?" Maximina alikuwa bado hajaelewa kama acheke. "Ndivyo inavyoliwa! Wachukuzi wetu walikula njiani, na nyumbu hangoji. Unakula nyama kwanza, ukiitwa uondoke, umeondoka na nyama. Kikibaki, ibaki supu! Si ndivyo tunavyosema?"

"Ndivyo!" jukwaa zima likaitikia.

"Kwa hiyo," Don Fulgencio akauliza, kila neno ameliweka chini taratibu, "baada ya supu hiyo hakuna kitu."

"Hakuna!"

"Kuna kastadi na keki," Tirso akasema, na Celso, yule mpole, akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote.

"Nilikimbia nikiwa mlangoni pa kutokea," mzee akasema peke yake. Kisha akajinyoosha, akaichukua kofia magotini akanipa mimi. "Basi mama, nipe supu. Sitaondoka hapa na deni la bakuli moja."

Akapakuliwa. Akanywa supu ile ya tambi kwenye benchi la stesheni, masharubu yakitoa mvuke, na watu wakamhesabia kila kijiko kama wanaotazama ng'ombe dume uwanjani. Kutembea kulikuwa kumempa nafasi kidogo. Alimaliza. Akaomba mkate. Mtu akampa mkate. Akaifuta sahani ikang'aa.

Na Maximina, kwa mapenzi matupu, bila hata kufikiri, akainua upawa akaijaza.

"Mama!" Celso akapiga kelele.

"Nini? Si amemaliza?"

Mzee akaitazama ile sahani. Akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nilishika kofia yake. Halafu akashika kijiko.

"Baba, bakiza!" Araceli akapiga magoti kwenye theluji. "Kwa huyu mama ukimaliza anaongeza! Hataacha mpaka ubakize!"

"Nibakize?"

"Ndiyo! Kidogo tu!"

"Chakula?" Na hapo kicheko kilitulia, maana uso wake ulikuwa umebadilika. "Araceli, wewe umezaliwa kumeshakuwa na mkate. Mimi miaka ile ya baada ya vita nimekula maganda ya machungwa. Mama yangu kipande cha mkate kikianguka chini alikiokota, akakibusu, akatugawia. Kaka yangu mdogo hakuivuka miaka ile. Nikaapa mbele yake, akiwa kitandani, sahani yangu haitabaki na kitu mpaka nife. Sijawahi. Hata hospitalini."

Maximina akaweka bakuli chini kwenye benchi. Akakaa karibu naye. Walikuwa wawili, wafupi wote, miguu haigusi chini.

"Nami mdogo wangu alikufa miaka hiyo hiyo," akasema. "Nikaapa kwamba mtu akikaa mbele yangu, sahani yake sitaiona tupu."

Wakatazamana. Halafu sijui nani alianza. Nadhani alikuwa mzee, sauti ndogo kama bawaba ya mlango, hi, hi, hi, na Maximina akafuata, na mara walikuwa wanatikisika wote wawili, machozi yanateremka, wanapigana mabega, "Ungeniua, mama!" "Ungekula hadi nikuzike, na ningekuongezea kaburini!" na jukwaa zima likawaka tena, watu wasiojuana wanakumbatiana, mwuza kabichi anampiga mkurugenzi mgongoni.

"Basi tufanye hivi," Maximina akasema akijifuta. "Nyama hujabakiza. Dengu hujabakiza. Hii ni supu. Supu, hata wachukuzi wetu wenye njaa waliiruhusu ibaki."

Don Fulgencio akashika kijiko. Alikunywa taratibu. Tukaona supu inashuka sahanini, inashuka, na chini zikatokea tambi tatu na maji kidogo ya dhahabu. Akaingiza kijiko. Akakitoa kitupu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkate, nao akaurudisha. Nimeona watu wakishuka migodini na sijaona mtu akitumia nguvu kiasi kile. Akaweka kijiko kando ya sahani. Tambi tatu zikabaki.

Maximina alikuwa ameshika upawa. Aliuangalia, akaziangalia zile tambi. Akauweka upawa ndani ya bakuli, akafunika mfuniko.

Watu wakanyoosha shingo.

"Celso," mzee akasema.

"Naam, Don Fulgencio."

"Njoo hapa karibu, wewe mlingoti. Unampenda huyu mwanangu?"

Celso akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akatikisa kichwa juu chini, juu chini, kama wale wanasesere wa saa.

"Anasema sana," mzee akamwambia Maximina.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Basi mchukueni. Nimekula kwenu, na neno langu ni ndiyo."

Sikusikia kilichofuata kwa sababu Araceli alipiga yowe karibu na sikio langu. Celso alimnyanyua akamzungusha, kiatu chake cha pili kikaruka relini, na kwa wakati ule ule treni ya Madrid ikaingia imejaa theluji, abiria wakachungulia madirishani wakaona mji mzima unacheza, mpishi anambusu mkuu wa stesheni, na mzee mmoja amelala kwenye benchi, vifungo vyote wazi, anacheka.

Celso na Araceli walifunga ndoa mwezi Mei huko Lucena. Walipata mabinti wawili. Mkubwa ni daktari wa meno Valladolid, mdogo alihamia Ujerumani. Celso alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka sabini na moja. Araceli yupo hai, anaishi na binti yake. Don Fulgencio alirudi kwao kwa treni ya siku iliyofuata, akauza kinu baada ya muda, akafa akiwa mzee sana. Maximina alistaafu magoti yalipokataa, akarudi kijijini, na akazikwa huko. Tirso alikwenda Bilbao kuendesha basi. Mkurugenzi alihamishiwa hoteli ya pwani. Santa Tecla ilinunuliwa na kampuni, ikafungwa kwa matengenezo, ikafunguliwa tena, na inafanya kazi. Mimi niliondoka Machi kwenda Ureno.